Majira na Mipaka katika Nchi ya Serengeti

Mtu wa pwani hujifunza majira kwa upepo. Kaskazi ikivuma, wazee wetu walijua kwamba vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi vitatia nanga. Kusi ikishika, walijua kwamba vyombo hivyo vitatweka kurudi kwao, na kwamba masika yamo mlangoni. Baina ya pepo hizo mbili waliziweka nyakati nyingine ndogo, vuli, kipupwe, mchoo na demani, kila moja na kazi yake, chakula chake na maradhi yake. Hesabu hiyo ilitosha kuendesha biashara ya bahari nzima. Lakini pepo hizo haziishii pwani. Hupanda bara, huvuka nyika na milima, na katika nyanda za kaskazini mwa Tanzania, kati ya milima ya Ngorongoro na Ziwa Viktoria, hutawala maisha ya viumbe ambao hawajapata kuiona bahari.

Nia ya insha hii ni kutazama jinsi majira yalivyoiumba historia ya nchi hiyo ya Serengeti, ya wanyama wake na ya watu wake pia. Nawataja watu kwa makusudi, maana aghalabu habari za Serengeti huandikwa kana kwamba nchi ile haikuwa na mwenyeji mwenye miguu miwili. Dai langu ni moja: Serengeti ina mipaka ya aina mbili, ile ichorwayo na mvua, ambayo huhama mwezi hata mwezi, na ile iliyochorwa kwa kalamu, ambayo hukaa mahali pamoja, na sehemu kubwa ya taabu za nchi hiyo, tangu mwaka 1886 hata leo, imetokana na kutopatana kwa mipaka hiyo.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Jina lake latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mahali palipo wazi na pana. Mvua haikuigawanyia nchi hii sawasawa. Upande wa kusini-mashariki milima ya Ngorongoro huzikinga pepo zitokazo baharini, zikamwaga maji yake mlimani, na uwanda ulio nyuma ya milima ukapata kiasi cha milimita 500 tu kwa mwaka. Upande wa kaskazini-magharibi unyevu wa Ziwa huiongeza mvua hata ikafika milimita 1,000 na kupita. Kwa hiyo msafiri akatizaye nchi kutoka kusini-mashariki huanza katika majani mafupi, akapita majani ya kimo cha kati, kisha akaingia katika pori la migunga lenye majani marefu yawezayo kumficha simba aliyesimama.

Kama wanyama wangetaka wingi wa majani tu, wangalikaa kaskazini-magharibi siku zote. Lakini uwanda wa kusini umetandikwa majivu ya volkano yaliyorushwa zamani na milima kama Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Majivu hayo yana chokaa na fosfori kwa wingi, na chini yake pana tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haiwezi kulipenya. Ndiyo sababu uwanda ni mweupe wa miti, na ndiyo sababu majani yake mafupi yana nguvu ambayo mama anyonyeshaye huihitaji. Kasoro yake ni maji. Mvua zikikoma, vidimbwi hukauka upesi, na maji machache yabakiayo huwa ya chumvi. Basi mnyama amewekwa kati ya mambo mawili: chakula bora pasipo maji ya kudumu, na maji ya kudumu pasipo chakula bora. Kuhamahama ndiko kulikomwezesha kuvipata vyote viwili.

Vuli ianzapo mwezi wa Novemba, makundi hushuka kuelekea uwanda wa kusini: nyumbu wapatao milioni moja na zaidi, punda milia wapatao 200,000, na swala wengi. Kiasi cha mwezi wa Februari nyumbu huzaa, na sehemu kubwa ya ndama huzaliwa katika muda wa wiki mbili au tatu. Kuzaa pamoja namna hiyo kuna faida kubwa, maana simba na fisi, hata wakila mpaka washindwe, hawawezi kuwamaliza ndama maelfu kwa maelfu waliokuja kwa mara moja. Ndama husimama katika dakika chache na kumfuata mama yake. Masika yakiisha mwezi wa Mei, uwanda hugeuka rangi ya kahawia na safari ya kurudi huanza, makundi mengine yakipita magharibi kwa Mto Grumeti, mengine yakishika moja kwa moja kaskazini. Kati ya Julai na Oktoba wengi huwa ukingoni mwa Mto Mara au ng'ambo yake nchini Kenya, wakingoja mawingu ya kusini. Punda milia aghalabu hutangulia, akala mashina magumu yaliyo juu. Nyumbu hufuata, akala majani yaliyofunuliwa. Na swala humalizia kwa machipukizi.

Wasiohama nao huishi kwa majira hayo hayo. Simba ana nchi yake na huilinda. Makundi yanapoondoka uwandani hula alichokipata, na watoto wake wengi hufa katika miezi hiyo ya ukavu. Fisi ameshika njia nyingine: huacha watoto pangoni, akaenda mwendo mrefu mpaka waliko nyumbu, akala, akarudi kunyonyesha. Mamba wa Grumeti hustahimili miezi mingi kwa chakula kidogo mpaka siku ya mavuko. Wala tusidhani kwamba mambo haya hufuata kalenda. Mvua ikichelewa, makundi huchelewa. Mvua ikinyesha kiangazi, hugeuka njiani na kurudi walikotoka. Mchoraji wa ramani akiuliza, "Nyumbu huwa wapi mwezi wa Juni?" jibu la haki ni kumwuliza mvua ilinyesha wapi mwezi wa Mei.

Watu wa nchi hii waliijua hesabu hiyo kabla ya mtaalamu yeyote kuiandika. Wafugaji wa Kimasai, waliokuja baada ya Wadatoga, walishusha mifugo uwandani wakati wa mvua na kuipandisha mlimani au kwenye visima vya kudumu wakati wa ukavu. Hivyo njia ya ng'ombe na njia ya nyumbu zilitoka katika sababu moja. Upande wa magharibi, Waikoma, Wanata na jirani zao walilima mtama na ulezi, wakawinda. Wamasai walijua pia jambo ambalo sayansi ililithibitisha baadaye: kwamba ndama wa nyumbu, katika miezi yake ya kwanza, hubeba ugonjwa usiomdhuru yeye lakini umwuao ng'ombe karibu kila mara. Kwa ajili hiyo mchungaji mwenye akili hakuwalisha ng'ombe wake mahali walipozalia nyumbu mpaka ndama wale walipokua. Naomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Kalamu ya kwanza iliipitia nchi hiyo mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilipogawana sehemu hii ya Afrika. Mstari ulichorwa kutoka pwani kuelekea Ziwa, ukanyooka kama uzi uliovutwa na fundi, ila pale ulipopinda kuuzunguka Kilimanjaro. Waliouchora walikuwa Ulaya, na hawakujua kwamba mstari wao ulikata njia ya nyumbu katikati na kuwagawa Wamasai pande mbili. Kwa muda mstari huo haukumdhuru mtu, maana hapakuwa na mlinzi wa kuulinda. Pigo lililofuata lilitoka kwingine.

Sotoka, maradhi ya ng'ombe yaliyoingia kaskazini-mashariki mwa Afrika mwaka 1887, yaliifikia nchi yetu karibu na mwaka 1890. Yaliua ng'ombe wengi mno, yakaua pia nyati na nyumbu. Ndui na njaa zikafuata. Wamasai huiita miaka hiyo Emutai, yaani wakati wa kumalizwa. Mwaka 1892 Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na chama cha Kijerumani, alitoka Tanga na msafara wa wapagazi, akapita Ngorongoro na Serengeti. Aliowakuta huko walikuwa watu waliokonda kwa njaa, waliokuwa wakiuzunguka msafara wakitafuta chochote cha kutia kinywani, hata ngozi na mifupa. Yafaa tukumbuke kwamba mengi tuyajuayo juu ya Serengeti ya zama hizo yalionekana katika mwaka huo mbaya kupita yote.

Sotoka ilifanya jambo jingine la kimya zaidi. Mifugo ilipokwisha na watu walipopungua, palikosekana wa kula majani na wa kuchoma moto malishoni kwa wakati wake. Vichaka vikaota, na vichakani wakaingia mbung'o, ambao waliwazuia watu kurudi. Wazungu waliokuja baadaye kuwinda waliona nchi pana isiyo na moshi wa jiko, wakasema kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Kwa hakika ukiwa waliouona, kwa sehemu kubwa, ulikuwa na umri wa miaka michache. Kosa hilo la kuuhesabu ukiwa wa jana kuwa asili ya nchi liliongoza mkono wa kila aliyechora mpaka baada yao.

Serikali ya Kiingereza ilitenga hifadhi ya wanyama mwaka 1929, na mwaka 1951 hifadhi ya taifa ikaanza kazi, ikiwa na uwanda pamoja na milima ya Ngorongoro ndani yake. Wafugaji walikuwamo humo na waliachwa wakae. Punde ikaonekana kwamba sheria moja haikuweza kuwatosheleza mlinzi wa wanyama na mchungaji wa ng'ombe. Mwaka 1956 serikali ilitoa shauri la kuigawanya hifadhi. Palizuka ubishi mkubwa, na Profesa Pearsall akatumwa mwaka huo huo kuichunguza nchi. Kisha wakaja Wajerumani wawili, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, wakiwa na ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia, ili wawahesabu wanyama kutoka angani. Waliwahesabu nyumbu karibu 100,000. Waligundua pia kwamba mpaka uliokuwa ukikusudiwa uliwaacha nje wanyama wengi kwa sehemu ya mwaka, kwa sababu mbuga zao za kuzalia zilikuwa upande wa pili. Michael alianguka na ndege hiyo Januari 1959 akafa, akazikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Picha ya sinema waliyoitengeneza iliifanya Serengeti ijulikane duniani kote.

Mpaka ulitiwa muhuri mwaka 1959 hata hivyo. Mwaka uliotangulia wazee wa Kimasai walikuwa wametia sahihi mapatano ya kuondoka Serengeti ya magharibi, na watu wao wakahamia upande wa Ngorongoro, ambako eneo la kilometa za mraba 8,292 lilitengwa kwa matumizi ya watu na wanyama pamoja. Waliahidiwa maji na huduma. Na Gavana wa Tanganyika aliliambia baraza lao kwamba haki za wenyeji zikigongana na za wanyama bondeni, za wenyeji zitatangulia. Kwa mapatano hayo waliacha chemchemi na vilima vya Moru, mahali walipokimbilia miaka ya ukame. Kwa hesabu ya kalamu walipewa nchi badala ya nchi. Kwa hesabu ya majira walipoteza sehemu ya mwaka.

Sasa nafikia jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni kiini cha historia hii. Katika miaka ya 1950 waganga wa mifugo waliwachanja ng'ombe waliokaa kuzunguka Serengeti ili kuikomesha sotoka. Nyumbu hakuchanjwa hata mmoja. Lakini ikadhihirika kwamba ng'ombe ndio waliokuwa wakiyahifadhi maradhi yale, na walipopona wao, nyumbu wakapona nao. Karibu na mwaka 1963 sotoka ilitoweka miongoni mwa nyumbu. Ndama waliokuwa wakifa kwa wingi kila mwaka sasa waliishi. Kisha, kuanzia mwaka 1971 hata 1976, mvua za kiangazi ziliongezeka, na kwa kuwa kiangazi ndicho kimwuacho nyumbu kwa njaa, idadi ikazidi kupanda. Nyumbu waliokuwa zaidi kidogo ya 200,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 walifika kiasi cha milioni 1.3 mwaka 1977. Majani mengi yakaliwa, mioto ikapungua kwa kukosa cha kuchoma, miche ya migunga ikapata nafasi ya kukua, na twiga wakapata malisho. Ng'ombe waliodungwa sindano kijijini walikuwa wameibadili sura ya nchi nzima.

Na mwenye ng'ombe alipata nini? Hapa ndipo lile jambo nililomwomba msomaji aliweke moyoni linaporudi. Nyumbu walipoongezeka mara nyingi, walienea wakati wa kuzaa juu ya uwanda wote wa majani mafupi, pamoja na ule ulioachiwa wafugaji upande wa Ngorongoro. Mchungaji hakuweza tena kushusha ng'ombe wake katika malisho bora ya mwaka, kwa kuogopa ugonjwa wa ndama. Ilimpasa awaweke mlimani miezi ya mvua, kwenye baridi, kupe na majani hafifu. Mpaka wa kalamu ulimwondoa Serengeti mwaka 1959. Mpaka wa majira ukamfungia hata uwanda aliobakiziwa. Wala hapakuwa na mtu aliyelikusudia jambo hili la pili. Chanjo iliyomwokoa ng'ombe dhidi ya sotoka ndiyo iliyomnyang'anya malisho yake.

Ng'ombe walipopungukiwa na malisho, watu waliongeza kilimo kidogo cha mahindi. Mwaka 1975 sheria ikapiga kilimo marufuku katika eneo la Ngorongoro. Katazo hilo lililegezwa mwaka 1992 na baadaye likarudishwa. Wakati huo huo watu waliongezeka kutoka kiasi cha 8,000 mwaka 1959 hata kupita 100,000, na wengi wao walikuwa na ng'ombe wachache kuliko baba zao. Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia baadhi ya wakazi Msomera, katika wilaya ya Handeni. Serikali ilisema kwamba wanahama kwa hiari na kwamba nchi ya Ngorongoro imelemewa; wafugaji wengi na watetezi wao walikana. Mwanahistoria hana mamlaka ya kukata shauri hilo, lakini ana wajibu wa kukumbusha kwamba hoja ya nchi kulemewa haiwezi kupimwa kwa haki bila kuhesabu malisho yaliyopotea mara mbili.

Tusije tukadhani kwamba kosa la kusahau majira ni la upande mmoja wa mpaka. Nchini Kenya lilikuwako kundi jingine la nyumbu lililozalia katika uwanda wa Loita na kwenda Mara wakati wa ukavu. Tangu miaka ya 1970 mashamba ya ngano yalienea Loita, nje ya hifadhi, na kundi lile likapungua sana ingawa malisho yake ya kiangazi yalilindwa. Nusu ya mwaka ilihifadhiwa na nusu ikauzwa. Mnyama hawezi kuishi nusu ya mwaka. Hata nyumbu wa Serengeti walionyeshwa mwaka 1993, ukame ulipowaua mamia ya maelfu, kwamba wingi wao ni amana ya mvua, na mvua huweza kuitaka amana yake wakati wowote.

Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Sisemi kwamba mipaka ya kalamu ifutwe. Bila mpaka wa mwaka 1959 yamkini ngano na mabati yangalifika Mto Grumeti, na pasingekuwa na Serengeti ya kuandikia insha. Nasema kwamba mpaka usiobadilika, uliowekwa juu ya nchi ibadilikayo, humdai mtu gharama, na kwamba katika historia hii gharama hiyo imelipwa mara kwa mara na yule yule. Wakati huu, ambapo hali ya hewa ya dunia inageuka na misimu ya mvua haiaminiki kama zamani, hesabu ya gharama hiyo yafaa ifanywe mapema, kabla ya mstari mwingine kuchorwa.

Kwa wanafunzi wa lugha na wa historia iko kazi ambayo haingoji serikali. Sisi wa pwani tumeyaandika majina ya majira yetu, na kila kamusi huyataja. Wamasai, Wadatoga, Waikoma na Wanata wana majina yao ya nyakati, ya mvua ya kwanza, ya majani machanga, ya mwezi wa kuwaepuka ndama wa nyumbu, na wazee wayajuao wanapungua. Mzee aliyehamia Handeni sasa huamka kwenye mvua za kusi, mbali na majani aliyoyajua, na wajukuu wake hawatakuwa na sababu ya kuyatumia majina hayo. Mwenye daftari na afike kwake, amsalimu, amwulize, na ayaandike kabla ya masika mengine.